Wameniomba niongoze kikundi cha wasio na dini, na mama yangu ni wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki

Shikamoo mama.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 36, naishi Sinza na mwanangu. Nimelelewa Mkatoliki, Tabata. Nikapata kipaimara, nikaimba kwaya hadi namaliza kidato cha sita. Imani ilinitoka polepole nikiwa chuo. Sikugombana na mtu, wala hakuna padri aliyenikosea. Nilifika mahali nikawa nasali na sioni ninayemwambia, nikaona kuendelea ni kudanganya.

Miaka michache iliyopita rafiki yangu alinipeleka kwenye kikundi cha wanautu. Kwa wasomaji wasiotufahamu: ni watu wasioishi kwa dini, wanaoamini kwamba mtu anaweza kuwa mwema na mwenye haki kwa kutumia akili na huruma yake. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwenye mgahawa mmoja Kijitonyama, watu kama ishirini hivi. Wengine walikuwa Waislamu, wengine Walokole, mmoja alifika hadi seminari kuu. Tunasoma, tunajadili, tunakula chipsi, tunarudi makwetu. Kwangu ni mahali pekee ambapo siigizi.

Sasa kaka aliyekianzisha amepata kazi Mwanza na anahama karibuni. Kikao kilichopita alisimama akasema mbele ya wote kwamba wa kuchukua nafasi yake ni mimi. Watu wakapiga makofi. Hakuwa ameniuliza. Nimeomba muda wa kufikiri, na muda wenyewe unaisha.

Kinachonizuia ni mambo kadhaa. Kwanza, kila kitu kiko kwa kaka huyo. Michango inaingia kwenye namba yake ya simu, orodha ya wanachama iko kichwani mwake, ukumbi tunapewa kwa kuwa mwenye mgahawa ni rafiki yake. Nilipomwomba katiba alinitumia picha ya karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono. Hatujasajiliwa popote.

Pili, kuna vijana wanaotaka kikundi kiwe cha kubishana na wachungaji na masheikh. Mmoja anarekodi video za kukejeli mahubiri na anataka kuweka jina la kikundi chini yake. Watu wazima hawapendi ila wananyamaza.

La tatu linaniuma zaidi. Mwenzetu mmoja anayeuza vitambaa Kariakoo alifiwa na mume wake. Nyumbani kwao ni Mbagala. Sisi tulianza kujadiliana kwenye grupu la WhatsApp nani aende, na kama ni sawa kukaa wakati wa ibada. Tukafika watatu, siku ya pili jioni, na bahasha. Nikakuta kina mama wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wake, ambako alikuwa hajakanyaga miaka, wako jikoni tangu usiku wa kwanza. Mmoja amekaa kwenye kigoda na beseni la vitunguu, machozi yanamtiririka, anamenya bila kuinua kichwa. Mwingine anapepea moto chini ya sufuria la ubwabwa. Hakuna aliyemwuliza mfiwa anaamini nini. Baada ya matanga mwenzetu hakurudi kikundini. Nasikia anakwenda jumuiya, na siwezi kumlaumu.

Mwisho ni mama yangu. Ni WAWATA tangu nikiwa mdogo, na ana presha. Anajua siendi kanisani, anadhani ni uchovu wa kazi. Nikiwa mwenyekiti atasikia tu, mji huu hauna siri.

Kuna na mambo madogo yananisumbua. Tukishiriki usafi wa mtaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akasema "tuanze kwa dua", kiongozi wa wanautu anafanya nini?

Nikubali au nikatae?

Mwalimu, Sinza

*

Marahaba mwanangu.

Kubali. Ila usikubali wiki hii, na usikubali kikundi kama kilivyo leo. Na kabla hujapigiwa kura yoyote, mama yako awe ameshasikia habari hii kutoka kinywani mwako.

Wasomaji wangu wanajua mimi ni Mwislamu na naswali. Hujaniandikia nikurudishe kwenye dini, na sitajaribu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha. Ibara ya 20 inatupa uhuru wa kukutana na kushirikiana. Kwa hiyo usikae kwenye kikundi hicho kama mtu aliyeiba kitu. Umeniuliza habari ya uongozi, basi tuzungumze uongozi.

Ule msiba wa Mbagala umeuweka wa tatu, mimi nauweka wa kwanza. Ukiuelewa vizuri, mengine yote utajua uyafanyeje.

Mtu akiacha dini katika mji huu anapoteza watu wanaojua mlango wake. Anapoteza mtu wa kumpigia simu saa tisa usiku mtoto akizidiwa, mtu atakayekuja na mkeka bila kuitwa. Wale kina mama hawakufika jikoni kwa sababu wana hoja nzuri kuliko zenu. Wana orodha ya kaya, wana zamu, wana mfuko, wana mama mmoja ambaye kila mtu anajua taarifa zinaanzia kwake. Hayo yanapangika hata pasipo sala. Dar es Salaam imejaa vyama vya kufa na kuzikana vya watu wa soko moja, wilaya moja ya nyumbani, kiwanda kimoja, na ndani yake Waislamu na Wakristo wanazikana bila kuulizana. Ninyi mmekutana muda wote huu na hamjafanya lile ambalo wauza samaki wa Feri wangelifanya mwezi wa kwanza.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naona kikundi chenu kina thamani. Watu wasio na pa kwenda wamepata pa kwenda. Lakini kikundi cha kuzungumza mwisho wa mwezi kinamfaa mtu mwenye afya na mshahara. Akifiwa au akiugua, au nyumba yake ikiingia maji kipindi cha masika, hicho kikundi kiko wapi? Hilo ndilo swali ambalo mwenyekiti mpya anapaswa kulijibu, na kwa barua yako naona wewe unaliuliza kuliko yeyote hapo. Ndiyo maana nasema kubali.

Kwa hiyo sharti lako la kwanza kwa kikao liwe hili: hamchagui mwenyekiti kabla ya kuchagua watu wawili wa kupokea taarifa za misiba na ugonjwa, na kabla ya kuandika kila mwanachama anaishi wapi. Mkoa huu una wilaya tano. Wa Kigamboni hawezi kufika Mbezi usiku, lakini wa Ubungo anaweza. Anayeishi karibu anafika kwanza, usiku uleule, hata kama ni mmoja. Akifika habebi msimamo wa kikundi. Anabeba maji, anaosha sufuria, anapanga viti chini ya turubai. Ibada ikianza anakaa kimya na wafiwa. Mjadala wenu wa WhatsApp kuhusu kukaa au kutokaa ibadani ulipoteza saa ambazo mwenzenu alizihitaji.

Na huyo mwenzenu wa Kariakoo, nenda kamwone kabla ya kikao. Nenda dukani kwake siku ya kawaida, kaa kwenye benchi, mwulize watoto wanaendeleaje na ada imelipwaje. Usimwulize atarudi lini. Akiwa na furaha huko jumuiya, furahi naye na endelea kumtembelea.

Kuna jambo la msiba ambalo hukuliandika nami nalitaja kwa sababu litakujia. Siku mmoja wenu akifariki, nani ataamua azikwe vipi? Ndugu zake, na wataamua kwa dini ya ukoo. Anayetaka vinginevyo aandike wosia angali mzima, awaeleze mke au mume na ndugu, na unaweza kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Karatasi haitamaliza ubishi wote wa kwenye turubai, lakini angalau neno lake mwenyewe litakuwepo. Kwa wanaotaka kuoana bila kanisa wala msikiti ni rahisi zaidi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ile tunayoiita ya bomani, na taarifa hutolewa siku 21 kabla. Kiongozi wa kikundi kama chenu ataulizwa haya mara kwa mara, kwa hiyo yajue.

Sasa huyo kaka yenu. Amefanya kazi kubwa na mmuage vizuri, mkate hata keki. Lakini alikosea kukutangaza bila kukuuliza, na inabidi umwambie, kwa heshima na faraghani. Kisha mwombe mkae pamoja jioni moja na daftari, kabla hajafunga mizigo. Kila mwanachama: jina, simu, mtaa. Kila mchango: nani, lini, kiasi gani, umetumikaje. Kampuni ya simu itampa taarifa ya miamala akiomba. Mtakapomaliza, wote wawili mtie saini chini ya ukurasa, na nakala isomwe kikaoni. Hatakasirika kama ni mtu mwema. Daftari hilo linamlinda yeye kuliko mtu mwingine, maana akishafika Mwanza mtu wa kwanza kusema "zile hela zilikwendaje" hatakosekana. Mwombe pia mwende naye kwa mwenye mgahawa, ili makubaliano ya ukumbi yawe yako na si ya urafiki wa mtu aliyehama.

Fedha zisiingie tena kwenye simu ya mtu, hata yako. Hasa yako. Fungueni akaunti ya kikundi benki, au ile huduma ya M-Koba ya kwenye simu ambayo kutoa hela kunahitaji idhini ya wenzako. Mweka hazina awe mtu mwingine, katibu mwingine, na muhula wako uandikwe una mwisho. Kama yupo atakayependekeza mfuko huo uanze kukopesha kwa riba, mkatalie: mkishakopeshana mmekuwa kikundi cha fedha chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na hiyo ni njia nyingine kabisa.

Kuhusu usajili, msiogope wala msichelewe. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu. Jiandaeni na katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua kusajili, majina ya wanachama na viongozi, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Mweleze kwa ukweli ninyi ni nani, naye atawaambia kama mnasajiliwa hapo au kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Msijifiche nyuma ya jina la bustani au la michezo. Yawezekana mkasumbuliwa. Kenya mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa Februari, Aprili kikasimamishwa, wakaenda mahakamani. Sisemi yatawakuta hayo, ila katiba iliyoandikwa vizuri na daftari safi ndivyo vitakavyowasimamia ofisini, kuliko maneno. Zile karatasi mbili za kaka zichukueni kama mwanzo. Mnaweza kusoma pia Tamko la Amsterdam, ambalo wanautu wa dunia walilipitisha walipoanzisha umoja wao mwaka 1952 na kuliandika upya Glasgow mwaka 2022. Mkubaliane nalo au mlikatae, lakini muandike ya kwenu kwa Kiswahili ambacho mwenzenu wa Kariakoo angekisoma bila kuomba msaada.

Vijana nao. Nawapenda, kwa sababu hasira yao ina chanzo. Nchi hii imeua vikongwe kwa kuwadhania wachawi, kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka yote. Imewakata viungo watu wenye ualbino, hadi Januari 2015 serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wa kienyeji. Mwaka 2011 tuliona foleni za magari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, na kuna waliopanda magari hayo wakitoka wodini. Kijana anayeona haya na akanyamaza, mimi ningemwogopa zaidi.

Lakini kukejeli mahubiri hakuokoi mgonjwa hata mmoja. Na kisheria ni hatari: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 125 na cha 129, inazungumzia kuitukana dini na kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za waumini. Kule Nigeria kiongozi wa chama cha wanautu, Mubarak Bala, alikamatwa Aprili 2020, na mwaka 2022 mahakama Kano ikamhukumu miaka 24 kwa aliyoyaandika Facebook. Rufani ilipunguza na alitoka Januari 2025. Hakustahili kukaa ndani hata siku moja, nami kama Mwislamu nalisema wazi. Lakini wewe unabeba watu ishirini wenye kazi na watoto, na video moja ya kijana mmoja isiwe mzigo wao bila ridhaa yao. Jina la kikundi litumike kwa uamuzi wa kikao tu. Hilo liandikwe kwenye katiba, na lisomwe yeye akiwepo.

Halafu mpe kazi. Anajua kurekodi na kuhariri? Atengeneze video inayoeleza kwa nini mtu asiache ARV kwa sababu ameombewa. Ahoji daktari. Ahoji na mchungaji, maana wapo wachungaji wengi wanaosema hivyohivyo kila Jumapili, na atashangaa atakavyopokelewa. Mpe pia tarehe 21 Juni, siku ya wanautu duniani, aandae uchangiaji damu na watu wa Damu Salama. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Na wale watu wazima wanaonyamaza uwaambie mmoja mmoja kwamba ukimya wao kikaoni unahesabiwa kama ndiyo.

Mama yako. Hili nimelifikiria sana, kwa kuwa nami nina binti.

Mwambie. Usimwambie Jumapili, wala siku ana wageni, wala kwa simu. Nenda Tabata siku ambayo utalala hukohuko, umpikie, mle, umwulize kama amemeza dawa zake za presha. Anza na yeye: kwamba kuona watu na kukimbilia msiba ulijifunza kwake na kwa WAWATA wenzake, kwa kuwafuata ukiwa mtoto. Hilo ni kweli, nimelisoma kwenye barua yako yote. Kisha mwambie kwa maneno machache kwamba humwamini Mungu kama zamani, kwamba si hasira na si mtu aliyekudanganya, na kwamba kuna kikundi kimekuomba ukiongoze. Usitoe hoja. Akianza kubishana, usimshinde. Atalia, pengine atasema amekosea wapi katika malezi. Mjibu hilo tu: hakukosea. Huenda asikubali usiku huo wala mwaka huo, na atakuombea novena kila akikumbuka. Mwache aombe, na akikutaka umsindikize kwenye sherehe ya WAWATA, vaa kitenge uende.

Kumsubirisha ili kumlinda ni kumwachia jirani ambaye hatampikia kwanza. Presha yake itapanda zaidi akiambiwa sokoni. Kama baada ya kumwambia ukaona ni mzito mno, bado unaweza kuongoza bila kuwa sura ya kikundi. Chagueni msemaji mwingine, wewe ubaki mwenyekiti wa vikao na mipango. Ofisini usajili utabeba jina lako, lakini si lazima ulitangaze mitandaoni, wala shuleni kwako huna wajibu wa kumweleza mtu.

Hizo siku za usafi wa mtaa zisikutese. Mwenyekiti wa mtaa akisema dua, simama na wenzako, kimya, mikono mbele, wakisema amina shika fagio. Akikuomba wewe uongoze, mwambie "namwomba mzee fulani atuongoze", na mzee huyo atafurahi. Kwenye vikao vyenu wenyewe mtakuwa na nafasi ile ambayo wengine huijaza kwa sala, na msiiache wazi. Katibu asome majina: nani ameugua mwezi huu, nani amefiwa, nani amejifungua, nani amekwenda kumwona. Jina likisomwa na hakuna aliyekwenda, mtu anyooshe mkono hapohapo na aandikwe, kabla mada ya siku haijafunguliwa.